Mistari Iliyofunikwa

Niambie wewe, nani hupima sakafu ili anunue mapazia? Swali hilo lilimkaa Bi Chapa kooni wiki nzima. Jumamosi ile, mwanawe wa mwisho, aliyeishi naye nyumba moja, alipita chumba kwa chumba na futi ya chuma, akiandika tarakimu kwenye simu. Mama alipouliza kulikoni, akajibu bila kugeuka, "Mapazia mapya, Mama. Haya yamechoka." Bi Chapa akamwambia ahsante mwanangu. Lakini alikuwa amemwona kwa macho yake mawili, amepiga magoti, anaivuta futi chini kutoka ukuta hadi ukuta. Dirishani hakufika.

Jina la Bi Chapa lilitoka kazini. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na barua zote za wakubwa zilipita vidoleni mwake. Mtu wa namna hiyo usimchezee. Alikuwa hata akiinua karatasi ya kaboni, ile ya kutolea nakala, dirishani na kusoma barua ya jana, si kwa umbea, jamani, ni mazoea tu.

Mwana alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Walipompunguzia siku za kazi, akajiandikisha kozi ya jioni ya kutengeneza tovuti, mara tatu kwa wiki. Mwanzoni alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Alimwita mama yake aje aone, akamwandikia jina lake kwa herufi kubwa za bluu, akamsimulia ya darasani.

"Mwalimu anasema, kabla hujafuta kitu chochote, hifadhi nakala kwanza. Anatuimbia hilo kila siku mpaka linatuingia mikononi."

Bi Chapa akacheka. Hilo yeye alilijua kabla mwalimu huyo hajazaliwa.

Mwezi wa tatu, wiki ile ya futi, mambo yakageuka. Mama akipita na chai, kompyuta inafungwa. Akiuliza kunatengenezwa nini, anajibiwa ni zoezi. Zoezi gani? La mwisho. Basi akaomba naye afundishwe kidogo, apoteze muda, na kijana akacheka, "Mama, mambo haya yatakuchosha bure." Hapo ndipo alipokosea. Mtu umemfuta makamasi kwa kanga yako, leo akwambie utachoka kugonga vitufe! Siku hiyohiyo Bi Chapa aliitoa hati ya nyumba kwenye kabati la sebuleni, akaishona ndani ya mto wake wa kulalia.

Kisha akaanza kusoma mwenyewe. Asubuhi mwana akienda stoo, kompyuta ilibaki mezani, maana nani mwingine angeigusa? Nenosiri lilikuwa tarehe ya kuzaliwa kwake, tarehe ambayo Bi Chapa aliijua kuliko yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uchungu siku hiyo. Akafuata masomo ya bure kwenye simu. Kulikuwa na binti mmoja wa kwenye video anayezungumza kama anafukuzwa, na Bi Chapa alimsimamisha na kumrudisha nyuma mpaka akaridhika. Wiki ya kwanza hakufua dafu. Ukurasa wake ulitoka mweupe pe, kumbe alisahau alama moja ya kufunga. Lakini vidole vilikuwa bado vinakumbuka kazi, na jicho lake la kukamata makosa halikuwa limestaafu.

Akagundua kwamba tovuti haina uchawi wowote. Nje unaona picha na rangi, ndani kuna maandishi yanayoagiza kila kitu kikae wapi. Na siku moja binti wa video akasema jambo lililomfanya avue miwani. Maneno ukiyazungushia alama fulani, mabano na vistari, hayatokei kwenye ukurasa. Hayajafutwa, yamefunikwa tu, na anayefungua maandishi ya ndani anayasoma yote. Wanafunzi wengi, akasema yule binti, huyafunika maneno wasiyoyataka tena kwa sababu wanaogopa kuyapoteza.

Alhamisi Bi Chapa alilifungua faili la zoezi la mwisho.

Ilikuwa sebule yake. Chini yake jiko lake, na kitambaa chake cha kufutia mikono kimening'inia palepale pa siku zote. Juu kabisa, kwa bluu ileile aliyoandikiwa jina lake, palisomeka: NYUMBA INAUZWA. Vipimo vya kila chumba vilikuwepo, hadi sentimita.

Alijipa moyo. Labda zoezi ni zoezi, mwanafunzi lazima auze kitu, na mtu huuza anachokijua. Akafungua maandishi ya ndani, akateremka nayo mstari kwa mstari kama alivyokuwa akikagua barua za wakubwa. Chini ya vipimo, kati ya zile alama za kufunika, palikuwa na mistari miwili:

Chumba cha nyuma kitakuwa wazi kufikia mwisho wa mwaka.

Mama kwa Dada. Bado hajaambiwa.

Chumba cha nyuma ndicho alicholala yeye. Ndicho kilichojengwa kwanza, akaishi humo na marehemu mumewe na watoto wawili huku nyumba nyingine ikipanda tofali kwa tofali mbele yao. Mumewe alifia humo. Na yeye alishajiambia kwamba siku yake ikifika, atatokea mlango huohuo. Sasa chumba kimeshapigiwa mahesabu, yeye mwenyewe bado yumo ndani. Iliuma, tena iliuma vibaya.

Akampigia binti yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine na watoto wanne katika vyumba viwili.

"Hivi mwanangu, mimi nikija kukaa kwako, nitalala wapi?"

Binti akasema, "Nani amekwambia?"

Hakusema karibu Mama, wala hakuuliza unakuja lini. Bi Chapa akamwambia alikuwa anatania tu, akawaulizia wajukuu, akakata simu.

Alisubiri hadi Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana alitoa vyombo, akapangusa meza, akaweka kompyuta mbele ya mwanawe.

"Nionyeshe hilo zoezi, baba."

"Mama, bado halijaisha."

"Nimeliona. Nataka kukusikia wewe."

Kijana alitazama mlango, akatazama kompyuta. Akalifungua. "Ni mazoezi tu," akasema. "Kila mtu alitakiwa kutangaza kitu. Mimi nikachagua nyumba. Iko humu ndani ya mashine tu, hakuna mtu huko nje anayeiona."

"Na mistari miwili uliyoifunika?"

Bi Chapa alimwona akijaribu kukumbuka ni nani angeweza kumfundisha mama yake kusoma vitu vile, na akimkosa.

"Fungua ndani," akamwambia. "Nisomee."

Hakusoma. Aliinamisha kichwa, na aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto. "Lilikuwa wazo tu. Kazi imepungua, Mama, nilichanganyikiwa. Nikaongea na Dada, halafu nikaona ni dhambi. Ndiyo maana nikaifunika. Haki ya Mungu, nimeliacha wazo hilo."

Bi Chapa alitaka kumwamini. Usimlaumu. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mumewe azikwe. Na huenda ilikuwa kweli. Mtu anayejuta hufunika, na anayeficha naye hufunika, na kwa kutazama alama huwezi kuwatofautisha.

"Basi ifute," akasema. "Sasa hivi, nikiona."

"Naifuta yote. Ukurasa mzima." Uso wa kijana ulichangamka. Akavuta kiti, vidole vikaanza kwenda haraka. Hapa akabonyeza, pale akabonyeza, kidirisha kikafunguka na kufungwa, kisha herufi za bluu zikatoweka, na sebule, na jiko, na kitambaa. Skrini ikabaki nyeupe. Akageuka akitabasamu, macho yamelowa.

"Umeona, Mama? Imekwisha."

Miezi miwili nyuma angemkumbatia.

"Nakala umeiita jina gani?" Bi Chapa akauliza.

Kijana akatazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. "Ni mazoea tu, Mama. Mwalimu anatuambia..."

"Najua anachowaambia."

Miaka thelathini na mmoja, hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwagiza atoe nakala ya barua ambayo haitahitajika tena. Alisubiri kidogo, ili kijana anyooshe mkono aifute na hiyo. Kijana alikuwa akimtazama yeye. Mkono haukunyooka.

Bi Chapa akasukuma kiti chake mezani, akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa tangu nyumba ijengwe na hakuna aliyewahi kuuzungusha. Ilibidi auzungushe kwa mikono miwili.