Nyanya wa Kidato cha Tatu

Tangazo rasmi kwa wanafunzi, walimu, wapishi na mbwa wa shule: mimi, Mustafa wa kidato cha tatu, baada ya kutafakari kwa kina, nimestaafu utundu. Ukweli ni kwamba nilistaafishwa Jumamosi iliyopita huko Mautuma, nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

Muhula huu tuliletewa akili mnemba kwenye kompyuta za shule, akaunti moja kwa darasa zima. Tuliambiwa itatusaidia kufikiri. Ilitusaidia sana, tukaacha. Madam Jepkoech alipotupatia insha, "Nyanya Yangu", niliwatangulia wenzangu nikaiachia akaunti ile agizo la kudumu: nyanya wa mwanafunzi yeyote apewe kikombe cha bati cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni, na apige mluzi akipepeta mahindi.

Zikaja insha arobaini, nyanya arobaini, kikombe kimoja. Madam alizirudisha bila alama, tuzinakili upya kwa mkono. Tulipomaliza akasema, "Fungeni vitabu. Sellah, nieleze kwa mdomo."

Sellah akasimama. "Alikuwa na kikombe cha buluu. Kimebanduka hapa." Akagusa mdomo wake, upande wa kushoto. "Alikuwa akipiga mluzi."

"Nyanya yako si ndiye anayeuza mboga pale langoni?"

"Ndiye, Madam."

"Na hupiga mluzi?"

Sellah akafikiri kwa muda mrefu. "Hupiga," akasema.

Aliyefuata akasema vilevile, akagusa palepale. Na wa tatu. Nilikuwa nimeweka akiba ya kicheko tangu Jumatatu, lakini hakikutoka.

Wiki mbili baadaye Khaemba, jirani yangu wa kitanda, alifiwa na kukhu, yaani nyanya yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Familia ikamteua azungumze kwa niaba ya wajukuu.

"Sitaki karatasi wala kompyuta," aliniambia. "Huyu namjua. Lakini Mustafa, kukhu alikuwa akiniita nani? Nilikuambianga."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia aulize kompyuta.

Darasa letu lilitumwa mazishini Mautuma pamoja na Madam. Khaemba alisimama kando ya jeneza, akashika maikrofoni.

"Kukhu alikuwa na kikombe cha buluu," alisema. "Akipepeta mahindi, alipiga mluzi hivi."

Akapiga. Wimbo mfupi, wa kushuka. Nyuma yangu Sellah akaupokea, kisha mwingine, hadi benchi zetu zote zikawa zinaumalizia kwa sauti ya chini, macho mbele. Katika agizo langu sikuwa nimeandika wimbo wowote.

Shangazi yake, Navalayo, akainuka. "Mtoto, unamzika nani? Mama alituchapanga tukipiga mluzi."

Khaemba aliangalia jeneza kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akarudisha maikrofoni, akaketi.

Baada ya maziko chai ikaletwa. Mwanafunzi wa bweni hatembei bila kikombe chake, kwani akikiacha nyuma kinapata mwenyewe mwingine. Kwa mazoea nikachomoa changu kwenye begi, nikakinga chai.

Benchi zetu zote zikageuka kukitazama.

"Umetoa wapi kikombe cha kukhu?" Khaemba akauliza.

Nilikitazama. Cha bati, cha buluu, kimebanduka upande wa kushoto. Siku ile ya agizo kilikuwa mezani mbele yangu, na mimi, kwa uvivu, nilieleza nilichokiona.

Madam Jepkoech akaja akasimama karibu nami. Hakupandisha sauti. "Mustafa, hiki ni cha nani?"

"Ni changu, Madam. Mama alininunulia Mumias nikiingia kidato cha kwanza. Huyo nyanya hayuko. Nilimtunga mimi, nikamweka kwenye akaunti ya darasa ili tucheke." Nikamgeukia Khaemba. "Kukhu wako alikuwa akikuita Mzee wa Ukoko, kwa sababu ulikuwa ukikwangua sufuria. Ulinieleza mwenyewe. Nilijua uliponiuliza, nikakunyima."

Alinitazama, midomo yake ikilijaribu jina lile kimyakimya.

"Na hilo," akasema, "pia umelitunga?"