Kikohozi cha Bibi Arletha

Wimbo ule ulikuwa wa ukoo wa akina Pettway tangu enzi za utumwa, na Bibi Arletha, mwenye miaka themanini na tisa, ndiye pekee aliyebaki akiujua. Thaddeus, mjukuu wa marehemu dada yake, alimwomba ruhusa auandikie nota kwa ajili ya kwaya ya chuo, hapo hapo Alabama. Bibi akakubali kwa sharti moja: asiongeze kitu wala asipunguze. Akikosea, wimbo unarudi nyumbani na Bibi atazikwa nao.

Thaddeus, maskini, akalishika neno hilo kama Torati. Alimrekodi Bibi jikoni, kisha akaandika kila alichokisikia: sauti, pumzi, kiti kilivyolia, Bibi alivyomkemea paka na, katikati ya ubeti wa tatu, kikohozi. Vyote akavigawa kwa sauti nne.

Mazoezi yakawa vituko vitupu. Soprano walimkemea paka vizuri mno, lakini walichelewa kukohoa, na besi wakakohoa kama watu waliolazimishwa. Wiki nzima Thaddeus hali wala halali, anawafundisha watu wazima arobaini na wanane kukohoa kwa pamoja. Mmoja aliyekuwa na mafua ya kweli alitolewa kwa sababu alikuwa akikohoa nje ya nota.

Jumapili ya onyesho Bibi aliketi mstari wa mbele na kofia yake ya zambarau, akijipepea kwa upepeo wa karatasi wenye tangazo la kampuni ya mazishi. Paka alipokemewa ukumbi mzima ulicheka. Bibi hakucheka. Kikohozi kilipofika, upepeo ukasimama, na Thaddeus akajua wimbo unarudi nyumbani.

Walipomaliza alimfuata, penseli mkononi, akaapa kufuta upuuzi wote siku hiyo hiyo.

"Paka mfute," Bibi akasema. "Kiti nacho kifute. Kikohozi kiache."

"Lakini Bibi, si kikohozi tu?"

"Hapo ndipo bibi yako Lurline alipokuwa akiniitikia. Tangu afe hakuna wa kuniitikia, na mimi silii mbele ya watu. Ndiyo maana nakohoa."

Thaddeus akafuta paka na kiti, kikohozi akakiacha. Bibi akampiga begani kwa upepeo.

"Umeandika sawasawa, mjukuu wangu. Ila wale besi wako kawafundishe tena. Wanakohoa kama watu ambao hawajawahi kufiwa."