Mashine ya Kufunga Vifungo

Dada Mkubwa alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu akiulizwa "umechoka?" anaona uvivu hata kuitikia. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi pale kwa dobi, mashati ya watu yakija yamekunjamana na kuondoka yamenyooka, na miguu yake ikivimba ndani ya ndala. Simu nayo, mfukoni mwa aproni, haikumwacha apumue.

"Mama yako tena?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Nani mwingine?"

Safari hii Mama alikuwa ametuma video ya mbuzi anayepiga chafya mpaka anaanguka. Kabla ya mbuzi alituma kidude cha umeme kinachofungua vifuniko vya chupa. Na kabla ya hicho, mashine yenye vidole viwili vya chuma, inamfunga mwanamume vifungo vya shati huku mwenyewe kashika kiuno kama bwana harusi. Hiyo ya vifungo aliituma jana, na leo akairudia.

Tangu alipopata kiharusi, Mama alikuwa na mkono wa kulia mzito, na ulimi mzito zaidi. Kupiga simu aliacha. Lakini kidole cha kushoto kilijifunza kutuma video, na kundi la familia likafurika. Watoto walimjibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kitindamimba, ambaye nyumbani walimwita Redio kwa kuwa hazimiki, aliandika: "Mama, hao watu wamekosa kazi. Hata vifungo wafungiwe?" Wote wakacheka tena.

Kisha akamwandikia dada yake pembeni. "Dada, mwambie bi mkubwa apunguze. Simu yangu imejaa, picha za kazi haziingii. Wewe anakusikiliza."

Dada Mkubwa alisoma, akashusha pumzi. Lililo gumu katika ukoo ule lilijua njia ya kwake hata gizani.

"Nenda kwa mama yako," mwenzake alimwambia. "Mashati yaliyobaki niachie."

"Na yako je?"

"Yangu hayana miguu, yatanisubiri." Tayari alikuwa ameshavuta rundo lote upande wake, na wala hakutazama kama atashukuriwa.

Dada Mkubwa alimkuta Mama amekaa kitini karibu na dirisha, kavaa sweta zito, jasho linamtiririka shingoni.

"Shikamoo, Mama. Joto lote hili, sweta la nini?"

Mama aliitikia kwa kichwa, akalivuta sweta lake kifuani.

Dada Mkubwa alijitupa kwenye kiti cha pili. Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi yake, aianze kwa upole, aimalize kabla machozi hayajamtoka mzazi. "Mama, zile video unazotutumia," alianza.

Uso wa Mama ukachangamka. Akasogea mbele, akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu na sasa anasikia komeo linasogezwa.

Dada Mkubwa akaiacha sentensi yake hapo. Ili apate la kufanya, aliinuka kumvua sweta. Ndani yake gauni lilikuwa wazi tangu shingoni mpaka kiunoni, isipokuwa kifungo kimoja kilichoingizwa tundu lisilo lake. Mezani palikuwa na chupa ya dawa. Aliichukua akaigeuza. Haikuwa imefunguliwa, na kifuniko chake kilikuwa na alama za meno pande zote.

"Yule jirani anayekufungulia yuko wapi?"

"Ka... hama."

"Mama, kwa nini hukusema?"

Mama aliinyooshea kidole simu yake. "Nili... sema," alisema taratibu. "Mka... cheka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema kwamba mvua ilinyesha.

Dada Mkubwa akakumbuka simu za mwanzo, jinsi walivyokuwa wakimwambia "Eti nini, Mama? Sikusikii, nitakupigia baadaye." Alifungua dawa kwanza, akampa na maji. Akasogeza kiti, akaishika ile simu, wakaanza kupitia video moja moja.

"Hiki kidude ni chupa ya dawa?" Mama aliitikia kwa kichwa. "Mashine hii, vifungo?" Akaitikia. "Na mbuzi? Una mafua?"

Mama alimkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kutikisika. "Mbuzi... mbuzi tu," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Dada Mkubwa akasahau miguu kidogo.

Aliomba sindano. Alikata vifungo vya magauni mawili, akaziba mbele, akapanua shingo ili yavaliwe kwa kupitisha kichwa tu. Vidonge akavihamishia kwenye kikopo chenye kifuniko chepesi. Halafu akaandika kwenye kundi: "Mama hapunguzi. Alikuwa anatuomba msaada, sisi tunacheka. Kuanzia leo akituma, mmoja wetu ampigie, amuulize, na asubiri jibu. Asubiri."

Kisha Redio akaandika, "Hata ya mbuzi?"

"Hata ya mbuzi."

Simu ya Mama ikalia. Dada Mkubwa aliibonyeza ili sauti isikike chumba kizima, akaegemeza kichwa ukutani.

"Mama, ni mimi," alisema Redio. "Niambie habari ya huyo mbuzi."

Mama akaanza. Neno lilikuja, likakwama, likasubiriwa. Lingine likaja. Upande wa pili, yule asiyezimika hakutia hata mguno. Macho ya Dada Mkubwa yalikuwa yanajifunga yenyewe. Kabla usingizi haujamchukua alihisi kitu kizito na cha joto kikitua juu ya miguu yake iliyovimba. Lilikuwa sweta, limetandazwa upande upande kwa mkono wa kushoto.