Msako wa Sala

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye lango la shule yetu nawapekua wanafunzi, natafuta sala.

Msinicheke. Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu, na pendekezo lilikuwa langu. Kwetu mstarini siku moja huomba mtoto wa Kiislamu, siku inayofuata wa Kikristo. Sasa wiki ya shule ina siku tano, na tano ukiigawa kwa wawili lazima mmoja anune. Wazazi wakaanza kuigombea Ijumaa kama nyama ya shughuli. Nikachoka nao. Nikasema sala zote zipigwe marufuku, na kamati ya shule ikapanga kukutana leo kuamua. Ndotoni walikuwa wameshaamua.

Basi napekua. Sala zinatoka ndani ya soksi, chini ya kola, nyingine imejificha kwapani. Zina joto kama maandazi. Nazitupa kwenye tenga, na humo ndani zinaulizana habari za nyumbani bila kujali nani kaja na nani. Hilo likaniudhi, maana nilitarajia zipigane.

Kisha lango likawa ofisi ya walimu, na Ijumaa akabisha hodi. Ni bwana mnene, upande wa kulia amevaa kanzu, wa kushoto joho la kwaya. Anaketi, anajifuta jasho. Anasema amevutwa huku na huku mpaka mshono wa katikati umefumuka. Ameomba hifadhi kwa Jumamosi, Jumamosi kamjibu kwake hakuna shule. Namshauri aanzie kwa mwalimu mkuu. Anasema haya, ila hainuki.

Mara kengele yetu, ile rimu ya lori tunayoigonga kwa nondo, ikakohoa. Ikasema kuna mmoja hajapekuliwa.

Ni Nyamizi wa darasa la tatu. Mama yake yuko wodi ya wazazi tangu juzi, uchungu umegoma, na binti amekuja shule kwa sababu nyumbani hamna mtu. Sala yake imekwama kooni. Naiona inapanda na kushuka.

"Itoe, Nyamizi. Sheria ni sheria."

"Shikamoo, Mwalimu," anaanza, maana ni mtoto mwenye adabu. "Nikiitoa, nani atabaki na mama?"

Nilimwonea huruma, nikajionea aibu, vyote kwa pamoja. Nikaitazama rimu inisaidie. Rimu ikasema msako ni wa wote, ikanigeuza mifuko mpaka ikaipata sala yangu mwenyewe, kuukuu, imejikunjakunja, ile ninayoisema kila asubuhi kabla ya kuingia darasa la saba: Mola, wape hawa watoto akili, mimi wamenishinda.

"Hii ya dini gani?" rimu ikauliza.

"Ya ualimu," nikasema.

Ikaitupa kwenye tenga. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe! Nilikasirika, nikalibeba tenga zima kichwani, nikamshika Nyamizi mkono, tukatoka. Nje hapakuwa na uwanja tena, palikuwa na korido ya hospitali. Namwambia Nyamizi asiitoe sala yake ovyo, aitoe pale pale mlangoni pa wodi. Akaitoa. Nami nikazimwaga zilizobaki nyuma yake, na yangu ikiwemo. Zikaingia zinasukumana, wala hakuna iliyouliza leo zamu ya nani.

Tukasubiri. Nyamizi aliniminya vidole mpaka vikafa ganzi.

Nesi akatoka, akaniuliza kama mimi ndiye baba. Nikamjibu mimi ni nidhamu. Akasema haidhuru. Kichanga kimelala, hataki kukiamsha kwa kukibandika jina, acha anibandike mimi.

Nikaamka. Mke wangu ananitikisa, ananikumbusha kikao cha kamati. Nikamwambia nakwenda, lakini lile pendekezo nalifuta, wazazi wagombane mpaka wachoke wenyewe. Hakunisikiliza. Alikuwa ameushika mkono wangu anauliza nimeumia nini.

Nikatazama. Kwenye kifundo kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: Mtoto wa mama Nyamizi. Wa kike. Mzima.