Dawa Mbili, Pampu Moja

Kijijini kwao maji ya kupulizia pamba hubebwa na wanawake. Mwanamume akionekana na ndoo kichwani atachekwa hadi wajukuu zake wachekwe. Ndiyo maana Woru, alipomwona mkewe Bona akipanda kutoka bwawani, mimba ya miezi saba, mkono kiunoni, hakuthubutu kumpokea ndoo. Alifanya alichoweza. Dawa ya viwavi na dawa ya vidukari, ambazo hupuliziwa siku tofauti, kila moja kwa maji yake, akazimimina zote kwenye pampu moja ya mgongoni.

"Wiki hii unachota mara moja tu, mama," akamwambia. "Ukizidi, mtoto atazaliwa na kata ya ndoo kichwani."

Bona akacheka. Mungu amsamehe, alifurahi kweli.

Pampu ilikuwa inamvujia mgongoni. Kabla ya adhuhuri Woru alikuwa anatokwa udenda, macho yanamtiririka, mikono inatetemeka. Mama yake akamnywesha maziwa, kwani nani asiyejua kwamba maziwa hukata sumu? Hayakukata kitu. Wakampakia kwenye pikipiki hadi zahanati.

Muuguzi, mwanamke mpole aitwaye Bake, akauliza amepulizia dawa gani. Bona akamtajia zote mbili. Bake akamchoma Woru sindano, akaeleza kwamba hiyo inapambana na dawa ya vidukari tu. Ile ya viwavi haina sindano. Mwili wenyewe huivunja polepole.

"Basi si itavunjika?" Bona akauliza.

"Ingekuwa peke yake, sawa, dada. Lakini hii ya vidukari inazizuia chembe za mwili zisiivunje. Ni wezi wawili: mmoja amemfunga mlinzi kamba, mwenzake anaingia anavyotaka."

Bona akaketi sakafuni, akashika mguu wa mumewe. Hakuwa na kingine cha kushika. Alijiona muuaji, na kosa lake lote lilikuwa kuchoka.

Alasiri akaingia Sabi, mdogo wake Woru, shati limemganda mgongoni. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja. Akamsihi Bona asihangaike juu ya pamba.

"Pampu ilikuwa bado nusu, shemeji. Nimemalizia. Kaka akipona asikute viwavi wameshakula."

Bona akauachia mguu wa mumewe, akainuka kumwita muuguzi. Sabi akafuta macho yaliyokuwa yakimtiririka, akasema jua la leo limemchosha, akaomba aketi kidogo.