Zulia la Ngassa

"Wee, usikanyage!" Hiyo ndiyo ilikuwa karibu ya Ngassa siku hizo. Mtu hajamaliza kupiga hodi, ameshaambiwa apite kandokando ya ukuta kama mjusi. Na yote hayo, jamani, kwa ajili ya zulia! Mkewe Kwandu alilichukia kuliko ambavyo angemchukia mke mwenza.

Pamba ilikuwa imeachiwa soko huria, wanunuzi binafsi wamefurika Bariadi, na Ngassa, kwa kupata uwakala wa kampuni moja tu, akajiona mkeka haumfai tena. Muksini mwenye duka akamuuzia zulia la kutoka Uturuki. Wala hakumficha kitu: limefumwa kwa mkono na wanawake wa kabila la wafugaji, watu wa kuhamahama na mahema yao, kwa sufu ya kondoo wao wenyewe. Ngassa alisikia Uturuki tu, hayo ya kondoo yakampita. Kila mgeni akaambiwa eti ni kitu cha Ulaya, na Kwandu akawa anabinua midomo jikoni. Ulaya! Mtoto wa mchunga ng'ombe wa Mwanhuzi, leo amfundishe nani Ulaya?

Basi baba yake Ngassa, mzee Machibya, akaja kutoka huko Mwanhuzi, mguu umevimba hadi gotini. Zahanati walishamwonya kwamba akichelewa utakatwa, kwa hiyo Kwandu alipanga ampeleke hospitali kesho yake asubuhi. Alipiga magoti akamwamkia, "Mwadila, baba," akampelekea maji ya moto bafuni na shati safi la Ngassa. Mzee akaoga, akatakata. Ngassa yeye alimwonyesha kigoda pembeni, mbali na zulia.

Alasiri mvua ikaja na upepo, ikapiga dirishani, zulia likalowa chapachapa. Kwandu alipoinama kulikausha, akakutana na harufu ya zizi. Akacheka peke yake. Kabla hajasema neno, gari la bosi wa Ngassa, bwana Masele, likasimama mlangoni. Alikuja kuamua nani awe wakala mkuu msimu ujao.

Masele akaketi. Akanusa, akakunja pua. Ngassa naye akaisikia harufu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Samahani sana, bosi. Mzee huyu katoka porini kwa ng'ombe, unawajua watu wa huko, hata waoge. Baba, hebu toka nje, unaniaibisha."

"Si baba!" Kwandu akadakia. "Ni hilo..."

"Nyamaza! Nenda jikoni!"

Mzee Machibya akajinusa mkono mmoja, kisha wa pili. "Nimeoga, mwanangu," alisema. Akachukua fimbo yake, akatoka akichechemea. Kwandu alimfuata hadi barabarani, akampigia magoti kwenye matope, akamsihi hadi machozi yakamtoka.

"Mayu, mama yangu, wewe umenitunza," mzee alisema. "Lakini silali kwenye nyumba ambayo mwanangu ananionea kinyaa." Akapanda lori la Mwanhuzi na mguu wake vilevile.

Kwandu aliporudi, alipita na tope lake katikati ya zulia makusudi. Ngassa hakuthubutu kufoka mbele ya mgeni. Alikuwa amefungua madirisha yote, anapunga gazeti, na harufu ndiyo kwanza inazidi.

"Mzee si ameshatoka?" Masele aliuliza.

"Ametoka, bosi."

Masele akainama, akashika ncha ya zulia, akaipeleka puani. Naye alikuwa Msukuma, mtoto wa zizini. Akaiachia.

"Ngassa, huyu ni kondoo," alisema. "Umemfukuza baba yako, kondoo ukamwacha sebuleni." Akachukua kofia yake akaenda zake, bila hata kuaga.

Ngassa akamgeukia mkewe. "Lori... limeshaondoka?"

"Limeondoka," Kwandu alisema. "Na wakimkata mguu ule, usithubutu kwenda kumtazama."