Kitambaa cha Adoyo

Mabanda ya video yalipoanza kuchipuka mtaa wa Mabatini, huko Usukumani, mwaka 1994, wengi walidhani mazingaombwe yamekwisha. Adoyo, msichana aliyeishi kwa kazi hiyo, hakukubali. Alikodi ukumbi, akavaa koti jeusi la mtumba alilolipunguza mwenyewe kwa sindano, na Jumamosi alasiri viti vikajaa. Mama yake, Roza, alikuwa amekuja kutoka Shirati kumwona jukwaani kwa mara ya kwanza.

Adoyo alifumba kitambaa chekundu kiganjani, akawatania watu kwa kuwauliza kama wamelala, akafumbua. Hakipo! Makofi yakalipuka. Lakini Ndalahwa, mwenye duka la jirani, akasimama.

"Huo ni uchawi!"

Makofi yakakatika. Wengine wakaanza kuelekea mlangoni. Neno hilo Usukumani halikuwa la kuchezea. Wanawake walikuwa wameuawa kwa sababu ya neno hilo. Adoyo akamnyooshea Ndalahwa mkono.

"Kaka, karibu hapa juu. Nitakuonyesha ninavyofanya."

Ndalahwa akapanda, amekunja uso.

"Nilipowauliza kama mmelala, mlinitazama usoni, mkacheka," Adoyo alisema. "Mtu akicheka, macho yake hupumzika. Hapo kitambaa kikahamia mkono wa kushoto, nyuma ya vidole. Hivi." Akarudia polepole, kila mtu akaona. Waliokuwa mlangoni wakarudi.

Akakifumba tena. "Sasa unajua. Safari hii nikamate." Akamgusa bega. "Uko tayari, kaka?"

"Niko tayari!" Ndalahwa akaudaka mkono wake wa kushoto. "Kimo humu!"

Adoyo akaufungua. Mtupu. Akafungua wa kulia. Mtupu. Kisha taratibu akavuta kitambaa kutoka kwenye kola ya shati la Ndalahwa.

Ukumbi mzima ulisimama. Ndalahwa alicheka hadi akajifuta machozi. "Dada, umeniweza! Nimesimama hapa hapa na sijaona kitu!"

Adoyo aliinama mbele ya watu wake. Hakuwaficha kazi yake, na bado ilikuwa imewashinda. Hakuwahi kujisikia mrefu namna ile.

Nyuma ya pazia mama yake alimkumbatia.

"Mama, wewe uliona kilivyofika kwenye kola?"

"Sikuona."

"Na ulikuwa umekaa mbele kabisa!"

"Kitambaa ningekitazama saa ngapi?" Roza alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe."